Picha Iliyokuja na Laptop

Chumba cha nyuma,
juu ya duka la rangi.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Lile goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi wazima, tunachokosa ni usingizi tu. Mtoto anaota jino, na nyumba nzima inaota naye.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kama ile laptop uliyoninunulia naipeleka kwa fundi au nairudisha dukani, nami nikawa nazungukazunguka. Nisamehe. Halikuwa jambo la kusema huku mtoto analia.

Ubovu wake ni kwamba inazimika yenyewe katikati ya kazi. Ikiwaka tena, kabla ya yote inaleta picha. Ni mwanamke yuko kitandani hospitalini, nywele timtim, amempakata mtoto mchanga. Mkono wake mwingine ameunyoosha ili abonyeze laptop impige picha, basi unamwona kama anakuomba kitu. Dada, nimechapa kazi za watu mbele ya mkono ule siku kumi na moja. Nikinyonyesha, naigeuzia ukutani. Mwanangu mkubwa yeye hana habari, kila asubuhi, "Shikamoo, mama mdogo!"

Fundi wa hapa chini anasema atatengeneza, ila akiifungua tu dhamana ya duka imekwisha, na lazima afute kila kilichomo. Dukani wanabadilisha ndani ya siku kumi na nne, nao pia wanafuta.

Jana nikaibeba hadi dukani, mtoto mgongoni.

"Hii ni mpya kabisa, mama," muuzaji akasema.

"Mpya ina mtoto wa mtu ndani?"

Akaitazama picha. Sauti ikamshuka. "Ilirudishwa na mumewe. Tuliisafisha harakaharaka. Mwenyewe... hakutoka hospitali. Mtoto yupo."

Nilipeleka mkono mgongoni kuhakikisha wangu anapumua.

"Basi lete niifute, nikupe nyingine."

Nikamwambia haitoki mikononi mwangu mpaka ampigie huyo baba. Akasema mambo ya wateja ni siri. Sikubishana. Nikavuta kiti, nikamshusha mtoto, nikaanza kunyonyesha palepale kati ya mafriji. Wateja wawili wakageuka mlangoni. Akapiga.

Nikapewa simu, nikaeleza mimi ni nani na nimeona nini.  Yule baba akauliza kitu kimoja tu.

"Alimshika?"

Yeye alifika amechelewa, Dada. Tangu siku ile hakupata wa kumwambia.

"Alimshika, kaka," nikasema. "Kifuani kabisa."

Alikuja palepale dukani na flashi, akaichukua picha yake. Ndipo nikairudisha. Nimepewa nyingine, boksi limefunguliwa mbele ya macho yangu, na haizimiki. Ila kila nikiiwasha nasubiri kidogo kabla sijagusa kitu. Na mwanangu asubuhi hii aliuliza mama mdogo kaenda wapi. Nimemwambia amerudi kwa mtoto wake.

Nisalimie shemeji na wale mapacha, waambie shangazi... ah, mama yao mdogo anawapenda. Baba anakusalimu sana. Mungu akutunze, akuachie wote unaowapakata.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Kiherehere.