Paka wa Chini ya Ngazi

Jumatatu, 11 Agosti 2014

Alhamisi hii inatimia miaka arobaini tangu tukimbie vita kijijini kwetu. Siku tatu tu, tulisema wakati ule, tukapakia magodoro. Bado niko Nikosia, mji mkuu wa Kupro, mtaa wa wakimbizi, nyumba ya chini.

Asubuhi, makelele. Paka wa kijivu anayeishi chini ya ngazi amemrarua mkono jirani yangu Pantelitsa, na kumng'ata kidole gumba. Alikuwa anafagia tu, anasema. Akajimwagia pombe ya zivania kama mama zetu walivyofanya. Mumewe, Hambis, ameapa: wajukuu wanakuja Ijumaa, sikukuu ya Bikira Maria. Paka akiendelea na ukali huo, ataweka sumu.

"Huyo ana shetani, Mwalimu!" alifoka.

Nimempigia simu Despo, daktari wa wanyama. Zivania ya nini! Sabuni na maji ya bomba, robo saa nzima, kisha hospitali leo hii; jino la paka ni jembamba, huacha uchafu ndani. Pantelitsa amekwenda, akilalamika mpaka garini.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekaa barazani tangu saa kumi na mbili, nimemgeuzia paka ubavu. Despo anasema kumkodolea macho ni kumtangazia vita.

Wamepita watu kumi na mmoja. Kwa kumi, hakutikisika. Kwa Pantelitsa (ana bendeji na bado anafagia!) masikio yalilala, mkia ukapiga sakafu. Kwa nini yeye? Ndoo! Huitua mbele ya uwazi wa ngazi, na hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea. Ndani mna watoto wake watatu. Nilimwomba aisogeze hatua tano. Masikio yakasimama.

Njaa nayo. Tangu mfungo wa Bikira uanze mapipa hayana mifupa wala vichwa vya samaki. Dengu tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimenunua sardini. Mwenye duka alinitazama.

"Eh, Mwalimu! Zimebaki siku mbili, umeshindwa?"

Za paka, nikasema.

"Wote husema hivyo."

Despo ameleta kizimba cha mtego. Tuliweka sardini mwisho kabisa, tukakaa mbali. Dakika ishirini — mlango ukaanguka. Paka alijirusha mara tatu. Tukafunika kizimba kwa blanketi, akatulia. Hakuna aliyemgusa. Watoto walishikwa kwa glavu nene na taulo. Wana wiki nane, wanakula wenyewe, watatafutiwa nyumba.

Hambis alitaka mama yao akatupwe mashambani. Despo akakataa. Akishafungwa kizazi atarudishwa alipotoka. Ukimtupa ugenini atatangatanga akitafuta kwao mpaka agongwe na gari.



Alhamisi, 14 Agosti

Upasuaji umekwenda vizuri.

Hambis anaandikisha watu wa basi la Jumapili, kuvuka mpaka kwenda upande wa Waturuki kuona kijiji chetu. Ameshakwenda mara mbili.

"Ghala lenu bado limesimama, Mwalimu. Mlango ule ule!"

Humo, siku ile tulipokimbia, nilimfungia paka wa mama, asikimbie mizinga. Bakuli la maji, nusu mkate. Vya siku tatu.

Nilitaka kumwuliza kama mlango una mikwaruzo kwa ndani. Badala yake nikamwambia aandike jina langu.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumetoka kanisani. Wajukuu wako roshani, wameambiwa wasishuke. Hambis ana karatasi ya basi mkononi; sumu iko mfukoni, amenionyesha. Paka akimrukia mtu mmoja tu, basi. Pantelitsa ameipeleka ndoo jikoni bila kuambiwa.

Despo amemrudisha paka; nimefungua mlango wa kizimba nikiwa nyuma yake, nikasogea pembeni.

Hatoki. Njia ni nyeupe, hakuna mtu wala ndoo, naye amejikunja kwenye kona ya mwisho, anautazama mlango.

"Jumapili saa moja, Mwalimu, usichelewe!"

Nimemwambia Hambis afute jina langu. Amecheka, akidhani utani.

Saa nzima sasa. Hajatoka. Naandika nikiwa nimemgeuzia ubavu. Kijijini sitarudi; mlango ule wa ghala siwezi kuufungua.