Nimeumwa na Mbwa wa Mama Mkwe na Sithubutu Kusema

Shangazi mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaanza kubweka.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye kitambi na miwani ya kusomea, na ninakuandikia kwa simu nikiwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee katika nyumba yetu ambapo mwanamume anaweza kukunja suruali akautazama mguu wake bila mtu kumuuliza kulikoni. Cheka, sikukatazi, hata mimi najicheka, ila kila nikishika kikombe cha maji kicheko kinanikauka kooni.

Nyumbani kwetu kuna mbwa anaitwa Karani. Jina hilo alipewa na marehemu baba mkwe wangu, kwa sababu tangu angali mdogo alipenda kukaa mlangoni akimkazia macho kila anayeingia kana kwamba anamwandikisha. Mzee alipofariki mwaka jana, mama mkwe alihamia kwetu na sanduku moja na huyo Karani, na mimi kuhusu Karani sikuulizwa, na hata ningeulizwa ningejibu nini, maana mimi na mbwa hatujawahi kuelewana, tangu utotoni tukikutana njiani mimi ndiye ninayevuka barabara. Basi mama akawa hasemi. Anaamka, anaitikia salamu, anakula kidogo, kimya. Mke wangu, ambaye mdomo wake ameurithi kwa mama huyu huyu, alijaribu kila njia mpaka akachoka. Mpaka siku moja alasiri, mimi nashona, Karani kakaa mlangoni anaitazama barabara kama alivyozoea saa ile mzee alipokuwa akirudi kutoka kazini, mama akapita na ufagio, akasimama, nikamsikia akimwambia mbwa, "Kumbe na wewe unamngoja?" Akakaa kizingitini akalia, akaongea na yule mbwa mpaka birika likakauka jikoni na hakuna aliyethubutu kwenda kulitoa. Tangu siku hiyo mama anasema. Alianza na Karani, akaja kwetu, na sasa ananikaripia hata mimi kwa kukoroma, na nakwambia Shangazi, sijawahi kufurahia kukaripiwa kama nilivyofurahi.

Sasa sikiliza balaa. Mwezi juzi mbwa mgeni aliingia mtaani kwetu akiyumba, mate yanamchuruzika, akapigana na Karani hapo mlangoni kabla watu hawajamuua kwa mawe. Karani tulimwona na mikwaruzo tu sikioni, mama akampaka mafuta, ikapona, tukasahau, lakini muuza nyama wa ng'ambo ya barabara hakusahau, aliweka rungu karibu na mizani yake akasema mbwa yeyote atakayemgusa mtu katika mtaa huu yeye hatauliza ni wa nani. Na tangu wiki iliyopita Karani si Karani. Amejichimbia chini ya meza yangu ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, mwanga haupendi, sauti imemkauka kama ya mtu aliyetoka kushangilia mpira, mate hayamkatiki, na bakuli la maji analitazama tu. Marehemu alikuwa akimpeleka kuchanjwa kila mwaka. Tangu afariki, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

Jumamosi nilikuwa nimevaa suruali ya mwalimu mkuu. Usinihukumu haraka, yeye na mimi tuna kiuno kimoja, na fundi gani hajawahi kujaribu kazi yake mwilini mwake, anayekataa ni mwongo. Nilisimama mbele ya kioo nikitazama pindo linavyoanguka, kibiringo cha uzi kikadondoka kikaingia chini ya meza, nikainama, na Karani akatoka bila hata kunguruma akanikamata shavu la mguu. Akaniachia, akarudi kulala. Akanitazama kama mtu asiyenijua kabisa, yeye ambaye kila anayeingia alikuwa anamjua.

Na hapa ndipo ilipo aibu yangu. Mwenye akili angekimbilia maji, mimi nilikimbilia sindano. Nilivua ile suruali, nikaona matundu ya meno, damu inashuka mpaka kwenye soksi na mimi natafuta uzi wa kijivu unaolingana, maana mwalimu mkuu alikuwa anaijia jioni ile ile! Nilifua lile doa, nikayaziba matundu kwa mkono, uzi kwa uzi, nikapiga pasi, na nakuapia hata mimi sikuyaona tena. Mguu niliufuta kwa kipande cha bitana nikaufunga. Mwalimu mkuu alipokuja alijigeuzageuza kwenye kioo akasema, "Fundi, mkono wako una baraka."

Tangu hapo naishi na hofu kama mpangaji mwenzangu. Nimesikia kwamba mtu aliyepatwa na kichaa cha mbwa huogopa maji, basi mimi kutwa najipima, nashika kikombe, nakitazama, najiuliza je, naogopa, na kwa kujiuliza hivyo naogopa kweli, maji yanamwagika. Mke wangu ameona kwamba nalala na suruali ndefu na kwamba napenda kukaa nyuma ya pazia na simu, na ameanza kuniita "bwana harusi" kwa sauti nisiyoipenda. Nilimuuliza kinyozi jirani kwa kuzunguka, nikamwambia rafiki yangu mmoja ameumwa na mbwa. Akasema, "Mwambie achome nywele za huyo mbwa ajipake jivu, dawa ya moto ni moto." Halafu akanitazama. "Na huyo rafiki yako mbona anachechemea kwa mguu wako?"

Nikienda hospitali wataniuliza mbwa ni wa nani. Nikijibu, muuza nyama atasikia, Karani atakufa kwa rungu, na mama atarudi kwenye ule ukimya wake, na safari hii sidhani kama atatoka. Halafu nitamwambiaje? Mkwe ni mkwe, Shangazi, mimi hata kaptura sijawahi kuvaa mbele yake, leo nimfunulie shavu la mguu? Na mwenyewe siku hizi hana raha, mkono kaufunga kitambaa, anasema alijiunguza na sufuria, na bado kila asubuhi anainama chini ya meza kumbembeleza Karani anywe maziwa kwa kijiko. Jana aliniuliza, "Baba, huyu naye akiondoka nitazungumza na nani?" Nikamjibu, "Haondoki, mama." Nikaenda nyuma ya pazia.

Kidonda kinaonekana kufunga. Je, nikinyamaza na mguu ukapona, si itakuwa imepita?

Fundi wa Nyuma ya Pazia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Hapana, haitakuwa imepita.

Wasomaji watanisamehe, barua hii sikuiweka kwenye foleni. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye ile sufuria nikachukua simu nikapiga namba uliyoandikia. Simu yako ulikuwa umeiacha juu ya cherehani. Alipokea mkeo.

"Naomba kuongea na fundi," nikasema.

"Kumbe ndiye wewe!"

"Mimi ni Shangazi wa gazetini."

"Siku hizi mnajiita mashangazi? Huna haya, mwanamke mzima?"

Nilitukanwa kidogo, nikavumilia, nimelipwa mshahara kwa mabaya zaidi. Alipovuta pumzi nikamwambia, "Mama, mumeo hana mwanamke. Ana meno ya mbwa mguuni. Na sasa hivi, kabla hujamfuata nyuma ya pazia, nenda kamfungue mama yako kile kitambaa."

Wewe, fundi, unaweza kuona pindo lililopinda kwa upana wa uzi, lakini mama mzima amefunga mkono, na mkono huo ndio anaomlishia mbwa mgonjwa kwa kijiko, na wewe ukaamini sufuria! Sufuria gani ina meno? Nilisikia kiti kikiburuzwa. Nikasikia mkeo akipiga kelele iliyonifanya nikae chini. Halafu sauti ya mama yako mkwe, taratibu kabisa: "Nilijua fundi akijua, atamwita yule wa rungu." Na wewe kutoka nyuma ya pazia, nimekusikia kwa masikio yangu: "Na mimi nilijua mama akijua, atanyamaza tena."

Basi hapo ndipo heshima yenu ya ukwe ilipowafikisha. Watu wawili nyumba moja, kila mmoja anamfichia mwenzake jeraha lile lile kwa mapenzi, na kifo kimekaa katikati yenu chini ya meza. Nawapenda wote wawili, na ningekuwa karibu ningewachapa.

Nakuandikia hapa niliyokwambia kwenye simu, ili na wengine walionyamaza wasikie. Ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha mwilini, hakuna daktari wa kukurudisha. Kabla haujajionyesha, kuna sindano, na sindano zinafanya kazi. Kidonda kufunga si kupona. Umeziba suruali, mwili hauzibwi hivyo. Mtu akiumwa aoshe jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, hata kama analia, hata kama mwalimu mkuu yuko mlangoni. Asilishone, asilipake jivu wala nywele, na kinyozi wako abaki kwenye vichwa vya watu kwa nje tu. Kisha hospitali siku ile ile. Na kama siku zimepita kama zako, nenda hivyo hivyo, usiseme nimechelewa. Nyinyi wawili mmechomwa sindano ya kwanza jana, mkeo amenithibitishia, na amesema ulifumba macho, mama hakufumba. Zilizobaki zimalizeni zote. Ukijisikia mzima katikati ukaacha, nitakuja mwenyewe kukuvuta sikio.

Kuhusu maji: kunywa. Hofu uliyonayo ni ya mtu mwenye siri, na siri imekwisha.

Mwalimu mkuu, ukisoma hapa, suruali yako ifue kwa sabuni na uianike juani. Imeshonwa vizuri sana, sitaki kusema zaidi. Fundi atakuomba radhi yeye mwenyewe.

Sasa Karani. Niliogopa kufika hapa kama wewe ulivyoogopa. Daktari wa mifugo amemfungia chumba cha nyuma, hakuna anayemgusa wala kumpelekea kijiko, na muuza nyama ameambiwa na daktari, mbele ya watu, kwamba rungu lake halitakiwi. Hiyo ndiyo heshima tuliyoweza kumpatia. Sitakudanganya, fundi, kwa yale uliyoniandikia simwoni akipona. Aliyewauma hakuwa Karani, ni ugonjwa uliokaa kwenye kiti chake, na mama alielewa hivyo kabla yangu. Aliomba apewe simu, akaniambia, "Hatujui sisi tena, mwanangu. Juzi alinitazama nikaona hanijui." Kisha akanyamaza, na huo ukimya uliouogopa nikausikia na mimi.

Kwa hiyo shauri langu la mwisho si la hospitali. Daktari akishamaliza kazi yake na akamzika Karani mwenyewe kama inavyopasa, usimnunulie mama mbwa mwingine wiki hiyo, na usimwambie ni mbwa tu. Nyinyi wawili mna makovu ya meno yale yale, haya ya ukwe imeshaisha. Alasiri, saa ile ambayo mzee alikuwa akirudi kutoka kazini, zima cherehani. Acha mteja angoje. Vuta kigoda ukae mlangoni, uitazame barabara, na kitambi chako na miwani yako. Yeye atapita na ufagio. Asiposimama, msimamishe wewe, umuulize:

"Mama, na wewe unamngoja?"