Wimbo wa Mama Walioupa Jina la Zohali

Cooper's Row 31,
Faversham, Kent.
9 Oktoba 1999

Mpendwa Mama Mdogo Rosalind,

Nisamehe. Barua yako ya Mei imekaa juu ya friji miezi mitano, imeshaingia madoa ya uji wa mtoto, na kila nikiipita naona aibu. Mara mbili nimeanza kukujibu na mara mbili nimechana. Ya kwanza ilikuwa fupi mno, kama vile naiandikia benki. Ya pili ilikuwa na hasira mno. Hii nitaimaliza hata Imogen akiamka.

U hali gani? Lile goti walilolipasua limekubali kazi, au bado unashuka garini kwa kujizungusha? Na Baba Mdogo Trevor, kifua kinamwachia apumue? Nadhani huko Hobart joto linaanza. Sisi huku tumeshawasha hita na nguo za mtoto hazikauki, zimetundikwa mpaka kwenye viti. Tu wazima, ila usingizi ndio hatuna. Imogen ana miezi kumi na mmoja na meno manne, na yote manne anauma nayo. Craig ana zamu za alfajiri kule ghalani, kwa hiyo tunakutana mlangoni kama askari wanaopokezana lindo.

Sweta uliyomfumia imemkaa vizuri sana. Mikono nimeikunja mara moja tu. Asante.

Sasa nikueleze habari ya Baba, maana ndiyo iliyonifunga mkono miezi yote hii.

Unajua kwamba bendi imefufuka. Kalenda ya Kioo, au tuseme wazee watatu waliobaki: Baba na kinanda chake, Nigel na besi, Clive na ngoma. Santuri yao ya mwaka 1972 inatolewa upya, safari hii kwa CD, na ndani yake kutakuwa na kijitabu chenye picha na majina, nani alitunga nini. Kampuni ikataka wafanye mahojiano ya kuitangaza, siku nzima ya Agosti, nyumbani kwa Baba, kwa kuwa Nigel hapandi tena treni na Clive hoteli zinamkera. Nikaombwa nije nipike chai. Nilikubali kwa sababu moja, nayo ni ahadi ambayo Baba alimpa Mama hospitalini, siku zake za mwisho.

Wewe ulikuwa hujafika, basi nikuambie ilivyokuwa. Baba alimshika Mama mkono akasema, "Maureen, ikitolewa tena, jina lako litakuwepo. Nitasema kwa mdomo wangu." Mama akacheka kidogo. "Usije ukasahau tu, Len." Mimi nilikuwa nimesimama pale na jagi la maji. Nilisikia yote.

Wewe na mimi tunajua alichokuwa anaahidi. Ule wimbo wa dakika ishirini na mbili unaojaza upande mzima wa santuri, ambao dunia inauita "Safari ya Zohali", mwanzo wake ni wa Mama. Mama aliutunga mimi nikiwa na miezi mitatu, silali, na yeye ananipandisha ghorofani begani huku ananiimbia. Ngazi ya nyumba ile ile ya Baba ina vipandio kumi na vitatu, ndiyo maana wimbo una mapigo kumi na matatu. Kipandio cha sita ngazi inakata kona, na hapo Mama alikuwa anasimama kunihamishia bega la pili, ndiyo maana baada ya pigo la sita pana kimya kidogo. Basi. Hakuna sayari humo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimfunga Baba vifungo vya shati, maana vidole vyake havikunjiki tena, nikamuuliza, "Leo utamtaja Mama?"

"Si nilimwahidi? Niletee miwani yangu."

Basi nikaweka birika jikoni nikiwa na moyo mweupe kabisa, Mama Mdogo. Hata keki nilioka.

Kampuni ilimleta msichana mmoja anaitwa Kirsty, ana saa ya kupimia na karatasi ya mambo wanayotakiwa kusema. Kila mwandishi dakika ishirini. Kirsty akawaambia wakumbuke kusema wana furaha kuwa pamoja tena. Nigel akamjibu, "Sema wewe, mwanangu. Sura yangu itatukanusha."

Nikuambie kweli, nusu ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuja mtangazaji wa redio ya mkoa, kijana mchangamfu, hajawahi kuwasikia maishani mwake. Akaomba wamwelezee muziki wao kwa neno moja. Wakanyamaza. Wakaendelea kunyamaza, mimi nasikia saa ya ukutani, hadi Clive akasema, "Mrefu." Kijana akageukia mavazi yale ya kung'aa ya zamani, bado wanayo? Nigel akasema lake mke wake alilifanya pazia la bafu, na linazuia maji kuliko lilivyowahi kuzuia baridi. Halafu wakaanza kugombana kama kipande fulani kina mapigo saba au kumi na moja, wakijipiga magotini kwa viganja wote watatu, kila mmoja na hesabu yake, na yule kijana ameshika kipaza sauti katikati kama mtu aliyeingia msiba usio wake.

"Wewe Nigel hukuwahi kuhesabu, ulikuwa unanitazama mguu."

"Na mguu wako ulikuwa unakosea, bwana!"

Kirsty akazima saa yake mapema.

Kisha akaja Mholanzi, Joost, kutoka gazeti moja kubwa la muziki kule kwao. Huyu anawajua kuliko wanavyojijua wenyewe. Akaweka koti lake pale pale kwenye mkono wa ngazi, akakaa, akamwomba Baba apige mwanzo wa Zohali. Baba akapiga, polepole, kwa vidole vile vibovu, na nikikuambia haukuwa mzuri nitakuwa mwongo. Wakati huo Imogen ameanza kulia, ni saa yake ya kulala mchana, nami nikambeba nikapita katikati yao nikaanza kupanda. Miguu yangu iliufuata wimbo bila mimi kuiambia. Moja, mbili, mpaka sita. Nikafika kwenye kona, nikamhamishia bega la pili, na chini kule kinanda kikanyamaza pamoja na mimi.

Niliganda pale na mtoto.

Nikamsikia Joost anauliza, "Kumi na tatu naelewa. Lakini hiki kimya baada ya sita ni cha nini? Nimejiuliza tangu nina miaka kumi na minne."

Mama Mdogo, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mikono miwili. Baba alibakiza kupita tu.

Baba akasema, "Nilikuwa nasoma falaki wakati ule. Ni nafasi iliyopo kati ya sayari na pete zake."

Clive akakohoa. Nigel akasema biskuti ni nzuri.

Joost akauliza tena, kwa adabu, "Nimewahi kusikia kwamba mkeo alikuwa anapiga kinanda pia?"

Na Baba, baba yangu, akacheka. "Maureen? Hapana, hapana. Maureen hakuwa mtu wa muziki. Tulikuwa na bahati, alikuwa anatupikia supu."

Nilimaliza vipandio saba vilivyobaki kwa sababu mtoto alikuwa mzito na hapakuwa na pa kumweka.

Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni anakula keki yangu akiwa amesimama. Sikupiga kelele. Imogen alikuwa amelala, na mimi nguvu ya kelele sina.

"Baba, ulisema utamtaja."

"Haikupatikana nafasi, mpenzi."

"Yule mtu amekuuliza habari zake waziwazi!"

Akaweka sahani. "Tamsin, watu wameipenda Zohali miaka ishirini na saba. Wameoana nayo, wamezikana nayo. Leo niwaambie ni ngazi ya nyumbani kwangu, yenye zulia la kahawia?"

"Ndiyo. Waambie."

"Mama yako hakulalamika hata siku moja."

"Alilalamika. Wewe ulikuwa ziarani."

Hapo akaizungusha sahani mezani. Nikadhani nimemfikia. Kumbe alikuwa anatafuta neno, na neno alilolipata ni hili: "Ningekuwa mtu mbaya, ningemwambia yule Mholanzi kwamba Maureen akiimba alikuwa anakosea sauti."

Nilivaa koti langu.

Clive alikuwa uani anavuta sigara, akanishika kiwiko. Akaniambia, "Mama yako alinipiga goti hili kwa mwiko wiki nzima, mpaka nikaiweza ile hesabu. Kwa mwiko, Tamsin. Nilikuwa na alama."

"Basi kwa nini umenyamaza mle ndani, Anko Clive?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi mpiga ngoma. Miaka yote kazi yangu ni kumfuata Len anakokwenda." Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Ile mashine ya kurekodia ambayo Mama aliitumia ilikuwa yake Clive, alimwazima. Anakumbuka Mama alirekodi kanda moja akakutumia wewe, hata kabla bendi haijaanza kuufanyia mazoezi wimbo ule. "Ikipatikana kanda hiyo, nitatia sahihi popote utakaponiambia. Bila kanda ni neno langu na la Len, na mimi kwa maneno kila mtu ananishinda."

Nikakumbuka uliyoniambia siku ya mazishi, kwamba unayo, kwenye kopo la biskuti.

Nimeshampigia simu Kirsty. Ni msichana mwema, na nadhani alihisi jambo siku ile. Akasema hawezi kubadili majina kwa maneno matupu dhidi ya mtunzi anayejulikana, lakini kama nina kitu cha kushika mkononi atakipeleka juu yeye mwenyewe. Kijitabu kinakwenda kuchapwa tarehe 30 Novemba. Baada ya hapo Mama atabaki mpika supu mpaka mwisho wa dunia, maana gazeti la Joost limetoka wiki iliyopita na neno hilo la supu wameliweka kwa herufi kubwa pembeni. Baba amenitumia nakala. Ameisaini, "Kwa binti yangu."

Utaniuliza kama nimegombana naye. Sijagombana. Kila Alhamisi nakwenda na Imogen, namfungulia chupa za jamu na za dawa kwa wiki nzima, nampikia viazi, anamchezesha mtoto juu ya kinanda na mtoto anampenda. Nimemwambia ninachokifanya, sitaki kumwendea kwa nyuma kama yeye alivyomwendea Mama. Nilimwambia, "Namwandikia Mama Mdogo kuhusu kanda." Akasema, "Rosalind hakuwahi kunipenda." Nikasema hilo ni jambo lingine, ale viazi vyake kabla havijapoa.

Kinachoniuma si uongo wenyewe. Wanamuziki wote wanaongopa kwenye mahojiano, Mama mwenyewe alikuwa anasema. Kinachoniuma ni kwamba aliongopa huku anautazama mlango wa ngazi, na anajua mimi niko pale juu nimembeba mjukuu wake.

Msalimie Baba Mdogo Trevor, mwambie apumzike na bustani. Wasalimie sana Gillian na Stuart na watoto wao, na yule jirani yenu Bi. Pascoe aliyetuma kadi Imogen alipozaliwa. Craig anawasalimu. Mungu awape majira mema na miguu isiyouma, na akujalie wewe uhai mrefu, maana sasa wewe ndiye mama niliyebaki naye.

Ninavyohitaji unitumie ni hivi, na tafadhali kwa posta ya ndege, iliyosajiliwa, kabla Oktoba haijaisha. Nguo za mtoto acha, tunazo.

Kanda yenyewe. Usiipige kwenye mashine yoyote, hata kwa kuonja, imezeeka inaweza kukatika. Ifunge kwa kitambaa, si kwa nailoni.

Kasha lake la karatasi, lenye mwandiko wa Mama. Hata kama limechanika.

Barua iliyokuja nayo, pamoja na bahasha, na muhuri wa posta uonekane tarehe. Kama Baba Mdogo alishaikata stempu akaitia kwenye kitabu chake, basi aibandue anikopeshe, nitaitunza.

Karatasi moja uandike kwa mkono wako ulipokea lini, uisaini mbele ya wakili.

Na cheti cha Mama cha kuzaliwa, au nakala yake kama kiko kwenye vitu vya Bibi. Sijui kama ni Maureen Ivy au Ivy Maureen, na la ukoo wenu sina hakika linaandikwaje kwenye karatasi za zamani. Nataka lile alilozaliwa nalo, kabla hajaolewa, lote kamili, maana hilo ndilo nitakalowapa wachape.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Tamsin