Yangeyange wa Msimbati

Dada Mwajuma, shikamoo, ingawa hustahili.

Huku Msimbati mimi ndiye mkuu wa mkoa wa ndege. Yangeyange nimewazoesha kwa vichwa vya samaki. Nikipiga mluzi tu wanatua miguuni pangu, wakati wewe hata kuku wako wanakukimbia. Jana shangazi alipokwenda kisimani, nikapiga mluzi uani kuwaringishia mabinti wa jirani. Kundi zima likashukia jamvi alikoanika dagaa wake, likawamaliza. Jioni akanipakulia ugali mtupu. "Niwie radhi, mwanangu, ndege wamenimalizia mboga." Nikala nimeinamia sahani, nikashindwa hata kumtazama.

Msalimie mama. Nimekukumbuka kweli, dada. Shangazi bado sijamwambia kwamba aliyewaita ni mimi.