Hoja Niliyoifuta

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, umevua viatu, na kikohozi kimekuachia. Mama naye, mguu umepungua kuvimba? Na punda wetu, uliyemwita Shemeji ili mtu asimgombeze, kidonda cha bega kimefunga? Mimi hapa kwa shangazi ni mzima, ingawa shangazi anasema nimezidi kunyamaza, na wewe wajua kawaida yangu ilivyo.

Bado nashikilia darasa la mwalimu wa insha aliye likizo ya uzazi. Wiki za kwanza sauti haikutoka. Wanafunzi wa nyuma waliniomba nijiongeze sauti kama redio. Tulipofika kwenye insha za hoja, mada ikiwa haki za wanyama, wakachangamka. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa mwaka jana tu: sema msimamo wako, toa ushahidi, kisha iandike hoja ya mpinzani kwa haki, kama angeiandika mwenyewe, ndipo uijibu. Niliwaambia asiyemsikiliza mpinzani wake anapiga kelele tu. Maneno hayo niliyatamka mimi, baba.

Nikawaambia pia kwamba hoja huandikiwa mtu mwenye uwezo wa kuamua. Wakataka kumwandikia mwalimu mkuu barua moja ya darasa zima. Nilipouliza kuhusu nini, wakatazama dirishani. Ulikuwa unaingia getini na mkokoteni wa maji, madumu kumi na sita, na kidonda cha Shemeji kinaonekana pale mkanda unapokwaruza.

Hakuna aliyejua kuwa wewe ni baba yangu, maana wananiona nikitokea kwa shangazi. Siku yangu ya kwanza ulipoleta maji, nilikuwa barazani na walimu, nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Uliniona. Tangu hapo ukawa unanipita na kusema, "Habari za kazi, mwalimu," kwa adabu kama mgeni, na nilipokuja nyumbani hukuniuliza kitu.

Wanafunzi waliandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Mmoja alisema mnyama hana ulimi wa kulalamika, kwa hiyo mwenye ulimi amkopeshe. Mwingine akasema hata mwalimu akiwa na jipu hupewa ruhusa. Kisha tukafika kwenye hoja ya mpinzani. Msichana wanayemwita Kasuku, kwa jinsi asivyonyamaza, akaja ubaoni. Alisema bibi yake ni jirani wa yule mzee wa maji. Kila asubuhi mzee anaosha kidonda kwa maji ya chumvi huku akimwomba punda radhi. Amemshonea pedi kwa shati lake mwenyewe. Kwenye mwinuko husukuma mkokoteni kwa kifua. Na siku mbili kwa wiki punda hafungwi mkokoteni kabisa. Wenzake wakamzomea, wakamuuliza kama naye siku hizi anakula majani. Hakujali. Aliandika yote, akanigeukia, akauliza kama yaingie kwenye barua.

Nilijua ni kweli. Nilijua kuliko yeye: shati ni lile la bluu, na uzi nilitunga mimi kwenye sindano. Lakini niliona nikifungua mdomo kukutetea, uso wangu ungesema yaliyobaki, na darasa zima lingejua mimi ni mtoto wa nani. Nikasema hoja hiyo haina ushahidi. Nikachukua dasta, nikaifuta mbele yake.

Barua ilisomwa Ijumaa mbele ya shule nzima, watoto wakapigiwa makofi. Jumatatu ukaambiwa usilete maji tena. Mama ameniandikia kwamba unajilaumu, ukidhani ni kwa sababu ulichelewa siku ile ya mvua. Hukuchelewa, baba. Ni mimi.

Watoto hawakukosea kumtetea mnyama. Kidonda kilikuwepo, na pengine wangekuuliza mwenyewe ungekubali kumpumzisha mpaka apone, maana wewe husikia la mtoto. Mimi ndiye niliyewanyima upande wako, kwa sababu niliuonea haya.

Jana nilimweleza mwalimu mkuu kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema gari la maji limeshapatikana na neno lake hawezi kulirudisha. Nikaenda darasani nikawaambia mzee wa maji ni baba yangu, na kwamba Kasuku alisema kweli. Hakuna aliyecheka. Kasuku aliniuliza taratibu tu, kwa nini basi nilimfanya aonekane mwongo. Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake.

Madumu yako sita bado yako stoo ya shule. Ukija kuyachukua Jumatano, nitakuwa getini saa ya mapumziko, watu wote wakiwa nje. Nitakuamkia, nitayabeba nawe hadi nyumbani, na njiani uniambie lolote ulilo nalo moyoni. Sitakukatiza. Na ukipenda kuyabeba peke yako, baba, nitakuachia njia.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na barua hii msomee mwenyewe. Nisingependa ayasikie kwa mtu mwingine. Shangazi anawasalimu.

Mimi binti yako,
kitinda mimba wako