Kibuyu cha Pili

Mjukuu wangu Tekla,

Shikamoo yako imefika Katandala, marahaba. Mahindi tumevuna, na babu yako amepona mguu, ameanza tena kugombana na kuku.

Picha za chakula cha huko Morisi nimeziona. Meza moja ina chapati za dengu za Kihindi, tambi za Kichina na samaki wa mchuzi wa nyanya! Nimewaonyesha wenzangu kanisani mpaka simu ikazima. Unauliza kipi hasa ndicho chakula chao.

Nilipokuwa msichana kule Mollo, jirani yetu mpya, mama wa Kisukuma, alituletea kibuyu cha maziwa mgando. Nikadhani yameharibika, nikammwagia mbwa, mwenyewe akiniangalia. Mama yangu alikosa pa kuficha uso. Kesho yake yule jirani akarudi na kibuyu cha pili. Akaomba ugali wetu wa ulezi, akamega, akachovya kwenye maziwa, akanipa tonge mkononi.

Leo wadogo zako wanakula hivyo hivyo, na wanaapa ni chakula cha Wafipa tangu zamani. Siwabishii.

Kula vyote, mama. Kwa kila chakula mezani hapo, yuko mtu aliyerudi na kibuyu cha pili.

Bibi yako