Katibu kwa Kura

Troyeville, Johannesburg, Jumapili, 22 Januari 2017

Nimeshinda, tena nimeingia kwa mlango wa mbele!

Desemba, baraza la jumuiya yetu ya Wakongo likiwa likizoni, rais wetu Papa Déo alinitangaza katibu bila kura. Nilimwelewa. Wajumbe watatu walikuwa wakisusia vikao makusudi ili akidi isitimie, eti msusi kama mimi, wa saluni ya mtaa wa Berea, hawezi kuwa katibu. Na bila katibu misiba haina msimamizi. Marehemu mume wa Neema, mwanajumuiya mwenzetu, alilala mochwari siku nyingi bila kuzikwa mpaka tukaona aibu.

Lakini nilikataa. "Papa, nikikaa hivyo watasema nimeiba kiti. Nipigieni kura."

Leo wote watatu walikuja. Jina langu liliposomwa tu, wawili wakainuka na kuelekea mlangoni. Akitoka na wa tatu, Mama Zawadi, kikao kimekufa.

"Mama, twende!" mmoja akamwita.

Mama Zawadi hakuinuka. "Eish, nendeni ninyi. Mume wa Neema alikaa mochwari kwa sababu yetu. Mimi sitoki tena."

Akidi ikatimia. Mikono ikapanda, wa kwake ukiwa wa kwanza. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakachungulia madirishani. Nililia mbele za watu, na sijali.

Wale wawili wamekasirika sana, na hilo linanitia wasiwasi, maana jumuiya bila wao ni nusu. Kesho nitakwenda kuwaamkia nyumbani kwao.

Nitakwenda kama katibu wao.